Mama alisafisha browser kabla ya Sabato, na sauti ya Baba ilikuwa humo

Wakuu, salamu kutoka Kisii, kwenye baridi na matope ya msimu huu.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Mmeniona online miaka yote bila neno. Leo nimeamua kuandika, na nitaeleza vile ilivyokuwa bila kuongeza chumvi. Majina nimebadilisha kwa sababu kuna watu wa nyumbani humu. Wakijijua, wanisamehe.

Ni story ya simu moja, browser moja, na kitufe kimoja cha kufuta. Ukiwa na mzazi ambaye simu yake imejaa, soma mpaka mwisho. Ni ndefu kidogo.

Nianze na Baba, maana bila kumjua yeye hamtaelewa kilichopotea.

Baba alikuwa mkulima wa ndizi huko kwetu Manga, na chai kidogo. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, ndizi hangezitaja. Angekuambia anaimba bass. Alikuwa kwenye kwaya ya kanisa letu la Sabato tangu kabla mimi sijazaliwa, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanaume wenzake sauti ya nne kila wimbo mpya ukija.

Na alikuwa mkali, nisiwadanganye. Hasa kwa pumzi.

Kwake, mwimbaji hupumua kati ya neno na neno. Ukivuta pumzi katikati ya neno, anasimamisha wimbo papo hapo. "Umekata neno. Rudi." Hata kama ni mzee mwenzake, hata kama kanisa lina wageni.

Nakumbuka nikiwa mdogo niliombea chakula, nikakwama kumeza mate katikati ya "tunakushukuru". Baba akafungua jicho moja. "Umekata neno. Rudi." Nikarudia sala yote huku ugali unapoa na ndugu zangu wananikodolea macho.

Sasa, kiongozi wa kwaya yetu ni mwalimu wa shule ya msingi, tumwite Mwalimu Kerubo. Yeye ndiye alimwonyesha Baba website moja ya kurekodi sauti. Unaifungua kwa browser ya simu, unabonyeza kitufe chekundu, unaimba. Ukitaka, unaweza kurekodi sauti ya pili juu ya ile ya kwanza. Haitaki akaunti, haitaki password, haitaki email.

Baba aliipenda hiyo website kupita kiasi. Kila wimbo aliuweka humo, kwanza solfa, zile do-re-mi, halafu maneno, polepole. Waimbaji wa bass walikuwa wanakuja nyumbani Jumapili, wanakaa kwenye benchi nje ya jiko, anawachezea simu mpaka washike. Hakuwahi kumtumia mtu recording. Ukitaka kujifunza, unakuja unakaa kwenye benchi.

Halafu kifua kikaanza kumsumbua.

Kwanza aliacha kupanda mlima kwenda shambani. Baadaye akaacha mazoezi ya kwaya. Lakini wakati huo Mwalimu Kerubo alikuwa ametunga wimbo mpya, unaosema kwamba watu waliotengana watakutana tena alfajiri, na bass haikuwa na mtu wa kuifundisha. Kwa hiyo alikuja Mzee Onchiri, rafiki yake Baba wa bass, aushike kisha awapelekee wengine.

Mimi nilikuwepo siku hiyo. Baba alikaa kitandani na shuka mabegani, simu juu ya goti. Akabonyeza kitufe chekundu, akaanza kuimba.

Alipofika kwenye neno "alfajiri", pumzi ilimwishia. Akasema "alfa", akavuta hewa, akamaliza "jiri".

 Mimi na Mzee Onchiri tulikuwa tunasubiri aseme rudi. Alijaribu kweli. Akabonyeza tena kitufe chekundu, akafungua mdomo, kikohozi kikamshika. Akaitazama simu kwa muda.

"Acha ikae," akasema.

Wakuu, hapo ndipo nilijua. Hakuna daktari aliyekuwa ametuambia kitu bado. Lakini mtu aliyenifanya nirudie sala ya chakula nikiwa mtoto, akiacha neno lililokatika likae hivyo, nilielewa anatuaga.

Tulimzika nyumbani, kando ya migomba yake.

Simu yake ilibaki kwa Mama. Mama alikuwa na mulika mwizi tu, ile simu ndogo ya tochi, kwa hiyo hii ya Baba ilikuwa kitu kikubwa kwake. Alijifunza mambo mawili: kupokea WhatsApp na kufungua ile website. Baba alikuwa ameiweka alama yake kwenye screen, unagusa mara moja inafunguka.

Kila jioni akimenya ndizi, anaweka simu ndani ya kikombe kikubwa cha bati ili sauti itoke vizuri, halafu anabonyeza. Baba anaimba kutoka kwenye kikombe. Mama anamenya. Wakati mwingine anamjibu kwa sauti ya kwanza.

Alikuwa anauacha ule wimbo wa alfajiri uwe wa mwisho. Nilimuuliza kwa nini hauruki, maana mimi ukianza nilikuwa natoka nje. Akaniambia, "Hapo anapumua. Napenda kumsikia akipumua."

Sasa tuje kwenye tatizo.

Dada yangu Kwamboka anaishi Nakuru na mume wake. Alijifungua mtoto wa kiume. Sisi kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, mnajua, na huyu hata hakukuwa na mjadala. Akaitwa Mokaya, jina la Baba.

Kwamboka akatuma picha. Kwa simu ya Mama hazikufunguka. Kimduara kinazunguka, kinazunguka, halafu inatokea meseji kwamba storage imejaa. Mama akawa anaona kivuli tu cha picha, ukungu wa rangi ya blanketi. Mtoto ana jina la mume wake na hajui ana sura gani.

Mimi nina cyber ndogo Kisii mjini, kazi yangu ni hizi mashine, lakini Mama hakunisubiri. Ilikuwa Ijumaa, akampigia Kwamboka.

Kwamboka akamwelekeza aangalie ni app gani inakula nafasi. Ya kwanza kabisa ikawa browser.

"Mum, huyo browser ndiye amejaza simu," Kwamboka akamwambia. "Mfutie tu. Enda kwa vidoti vitatu, utaona pa kufuta browsing data. Ukimaliza picha zitaingia."

Nisimame hapa kidogo, maana wengi humu tunadhani browser ni dirisha tu, unachungulia nje kisha unafunga.

Browser ina stoo. Ina history, yaani orodha ya ulikopita. Ina cache, yaani nakala za picha na vipande vya kurasa ulizofungua, ili kesho zisipakuliwe upya. Ukifuta cache hupotezi kitu cha maana, kurasa zitachelewa kidogo mara ya kwanza, basi. Ina cookies, ambazo ndizo zinaikumbusha website kwamba wewe ni fulani na ulishaingia.

Na ina kitu kinaitwa site data. Hapa ndipo penye kilio. Kuna website ambazo haziweki kazi yako kwenye kompyuta zao. Zinaiweka kwako, ndani ya browser yako, kwenye simu yako. Ndiyo maana hazikuombi akaunti. Hazikujui. Ukiandika humo, ukichora humo, ukiimba humo, nakala pekee duniani iko kwenye hiyo stoo.

Sasa kwenye ukurasa wa kufuta, cookies na site data zimewekwa kwenye kisanduku kimoja. Maelezo ya chini yanakuambia utatolewa kwenye website nyingi ulizoingia. Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye website yoyote kwa password, hiyo ni hasara gani? Hakuna neno linalosema utapoteza ulichorekodi.

Turudi kwa Mama, na mniruhusu niwaeleze Ijumaa ya kwetu.

Kwa Msabato, Ijumaa ni siku ya maandalizi. Jua likizama, Sabato imeingia, na lazima ikukute tayari. Chakula kimepikwa, viatu vimepigwa rangi, nguo zimepigwa pasi, nyumba imefagiliwa. Watu wengi hufagia. Mama anasafisha. Anavuta kabati afagie nyuma yake. Anatoa hadi jivu la jana na kulipeleka kwenye migomba. Nikiwa shule ya upili nilimwambia kwamba Mungu haangalii nyuma ya kabati. Sikurudia tena kauli hiyo, na sababu ninaijua mwenyewe.

Kwa hiyo simu iliingia kwenye usafi wa Ijumaa pamoja na sufuria na mapazia.

Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alifungua ule ukurasa na miwani ya Baba usoni. Simu ikamuuliza afute vya muda gani. Ilikuwa imechagua saa moja iliyopita. Mama akaona hiyo ni dharau. "Nifute uchafu wa saa moja? Na ule mwingine nimwachie nani?" Akachagua wa wakati wote.

Akaona visanduku. Akaona kuna ukurasa mwingine wenye visanduku zaidi. Akavitia tiki vyote, kimoja kimoja, vile anavyopitia pembe za nyumba akifagia. Akabonyeza.

Na picha zikaingia, wakuu. Zote. Jua lilikuwa bado halijazama. Mama akamwona mjukuu wake ana masikio ya Baba, yale ya kusimama. Akanipigia simu akicheka na kulia pamoja. Alisema hajawahi kupokea Sabato nyumba ikiwa safi namna hiyo.

Ijumaa jioni hakufungua nyimbo, kwa sababu majirani walikuja kuona picha na kusali. Jumamosi alishinda kanisani. Jioni yake jua lilipozama alichukua ndizi zake, akaweka simu kwenye kikombe, akabonyeza.

Kimya.

Mimi nilifika Jumapili. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi na simu mapajani. Nyumbani tunaongea Kigusii, mimi nawaandikia Kiswahili, lakini aliniita "omwana one", ambalo ni mwanangu, na alikuwa anatabasamu.

"Omwana one, hebu niangalizie network. Baba yako tangu jana amekataa kuimba."

Nikaishika simu. Website ilifunguka haraka sana, safi, nyeupe. Katikati kulikuwa na maandishi ya kijivu kwamba bado hujarekodi kitu, na alama ya kujumlisha ya kukukaribisha uanze.

 Nikamuuliza polepole kama kuna kitu amegusa kwenye simu. Akaniambia kwa fahari kwamba ameisafisha, yote, hata zile pembe ambazo Kwamboka hakumwambia.

 Nilisema nitaenda nayo mjini niiangalie.

Najua mtauliza nilijaribu nini, kwa hiyo nieleze. Nilijua jibu kabla sijaanza, lakini mkono haukukubali. Niliangalia akaunti ya simu kama ina sync, ile ya kutunza nakala mtandaoni. Ilikuwa nayo, lakini sync hubeba bookmarks, password na history, haibebi site data. Nikapekua mafaili yote ya simu, nikatafuta sauti za kila aina. Nikapata hubiri moja na mlio wa kengele. Niliwaandikia wenye website. Walijibu kwa heshima kwamba recording haziwafikii wao, zinabaki kwenye kifaa cha mtumiaji, na pole sana. Kwenye ile website kuna kitufe cha kudownload, kiko kule pembeni. Baba hakukihitaji, yeye alikuwa na benchi.

Mwisho nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini ambaye namheshimu. Alikaa nayo, akanirudishia bila kunizungusha.

"Bro, siwezi kukudanganya. Hizi simu zikifuta, zimefuta. Na saa ile nafasi ilipatikana, vitu vingine viliingia hapo. Ni nini iliingia?"

Nikamwambia ni picha za mtoto.

"Basi pengine ni hizo zimekaa hapo," akasema.

Nilitoka nje nikasimama kando ya wale mama wanaouza ndizi, nikalia mbele za watu. Sikujali. Mmoja aliniuliza kama nimeibiwa, nikasema hapana, akanipa ndizi moja mbivu akarudi kwa wateja wake.

Kumwambia Mama ndiyo ilikuwa kazi.

Nilimkuta jikoni. Nikamweleza kwamba zile nyimbo zilikuwa ndani ya vile vitu vilivyofutwa. Nilitumia maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Ziko wapi sasa?"

"Haziko, Mama."

"Kwa ile kampuni?"

"Hata kwao haziko."

"Hakuna mahali?"

"Hakuna."

Akainuka. Akakichukua kile kikombe cha bati, akakiosha, akakifuta, akakiweka kwenye kabati pamoja na vya wageni. Mimi nilitaka alie. Angelia ningejua cha kufanya.

Halafu akaniambia, akiwa amenipa mgongo, "Usimwambie Kwamboka. Ananyonyesha. Huzuni itamkausha maziwa."

"Lakini Mama, yeye ndiye alikuelekeza."

"Nimesema."

Nikiri, nilimkasirikia dada yangu. Nilikuwa na simu mkononi mara kadhaa, namba yake iko tayari. Mtu unamwambia mama yako futa bila kumuuliza kwanza anatumia nini humo? Lakini nikimfikiria Mama anaosha kikombe, namba naiacha. Na kusema ukweli, Kwamboka hakujua. Wakati Baba anarekodi yeye alikuwa Nakuru. Alikuwa anajua tu kwamba Mama anazo nyimbo za Baba kwenye simu, na angejuaje kwamba simu maana yake ni browser?

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Mama aliendelea na shughuli zake zote, anachuma chai, anaenda kanisani, anacheka na majirani. Lakini ndizi alizimenya kimya.

Siku moja akanitamkia, bila mimi kuuliza, "Ananipotea. Nikijaribu kumkumbuka akiimba, nasikia sauti yangu mwenyewe inamwiga."

 Nililia njia nzima kurudi mjini, kwenye boda.

Kwamboka akaja na mtoto. Walitaka awekwe wakfu kanisani kwetu, kwa sababu ya jina. Walifika Ijumaa mchana. Mama alimpokea mtoto mlangoni, akamgeuza masikio kushoto na kulia, akaridhika.

Jioni, baada ya sala ya kupokea Sabato, Kwamboka akasema ile kitu ambayo mimi na Mama tulikuwa tunaiogopa.

"Mum, si utuwekee zile za Dad? Nataka huyu asikie sauti ya mwenye jina lake."

Mama yangu hadanganyi. Simkumbuki akidanganya hata mtu wa kukusanya michango. Nilimwona anashusha macho.

"Simu haina charge," akasema.

Mimi niliangalia sakafu.

Sabato, kanisa lilijaa. Mchungaji alimwinua mtoto, akasali, mtoto akapiga chafya, watu wakacheka kidogo. Halafu kwaya ikasimama. Mwalimu Kerubo alikuwa amechagua wimbo mwenyewe, kwa heshima ya Baba. Ulikuwa ule wa alfajiri.

Ningejua mapema ningemtoa Mama nje. Nilimshika mkono. Alikuwa amekaa wima, macho mbele, kama mtu anayesubiri sindano.

Bass walikuwa wazee wanne, Mzee Onchiri wa kwanza kulia. Wimbo ulianza vizuri. Ukapanda, ukashuka. Ukafika kwenye lile neno.

Wanawake wakaimba "alfajiri" moja kwa moja. Tenor vilevile.

Bass wakasema "alfa".

Wakavuta pumzi. Wote wanne, pamoja.

Wakasema "jiri".

Kucha za Mama ziliniingia mkononi. Nilimgeukia, mdomo wake ulikuwa wazi. Nilidhani labda nimesikia vibaya kwa sababu ya uchungu. Lakini ubeti wa pili ulikuja, na pale pale, wazee wanne wakakata neno tena, kwa kipimo kile kile, na pumzi ile ile ndefu ya mgonjwa aliyekaa kitandani na shuka mabegani.

Ilikuwa pumzi ya Baba. Niliijua vile ninavyojua mlango wa nyumba yetu unavyolia. Mama akaanza kulia hapo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimwambie. Kwamboka alimkumbatia akidhani ni furaha ya mtoto.

Baada ya ibada nilimfuata Mzee Onchiri nje. Nikamuuliza kuhusu lile neno. Alidhani namlaumu, akajitetea kabla sijamaliza.

"Mimi nilishika vile mzee aliweka kwa simu. Siku ile alinichezea mara nyingi, na alisema nisiongeze, nisipunguze. Hiyo pumzi ni yake. Hawa wengine nimewafundisha hivyo hivyo. Wewe unajua baba yako, ungeweza kubadilisha?"

Mwalimu Kerubo alikuwa karibu, akadakia.

"Hawa wazee wamenishinda. Kila mazoezi nawaambia mnakata neno, mnakata neno. Wanasema ndiyo mwalimu. Halafu wanakata."

Mama alikuwa amefika nyuma yetu na mtoto mgongoni. Akamshika Mwalimu Kerubo mkono.

"Mwalimu, nakuomba. Hapo wanapokata, waachie."

Kerubo alimwangalia, akaniangalia mimi, akatingisha kichwa kukubali. Nadhani alielewa kiasi.

Tulipofika nyumbani Mama alimkalisha Kwamboka kwenye lile benchi, akamweleza yote. Nilisimama mlangoni. Kwamboka alilia, akasema ni mimi, Mum, ni mimi nilikuambia ufute. Mama akamwekea mtoto mapajani.

"Wewe ulitaka nimwone huyu," akamwambia. "Na nilimwona."

Maziwa hayakukauka. Nasema tu kwa wale mtakaouliza.

Jumapili wazee wanne walikuja nyumbani, tukawapikia, tukawarekodi pale pale kwenye benchi. Safari hii nilitumia recorder ya simu inayotoa faili kabisa. Nikaiweka kwenye kompyuta yangu, kwenye flash, kwa Kwamboka, na kwa Kerubo. Sauti ya Baba haimo, tusidanganyane. Mahali alipopumua pamo, na huyo mtoto atajifunza kuimba akipumua hapo.

Sasa funzo, nisije nikaambiwa nimewapotezea bundles.

Simu ikijaa, futa cache peke yake. Ile iliyoandikwa picha na mafaili ya cache, hizo si picha zako za simu. Kisanduku cha cookies na site data kitoe tiki mpaka uwe na uhakika. Kabla ya hapo, fungua zile website unazozitumia, hasa zile hazina akaunti, na kama kuna kazi yako humo, idownload iwe faili kwenye simu, kisha nakala uiweke mahali pengine. Na usiende kufuta kutoka kwa settings za app ile sehemu ya kufuta data yote, hapo ni kumwaga stoo nzima bila hata kuulizwa visanduku.

Na ukimwelekeza mzazi kwa simu, muulize kwanza, "Huwa unafungua nini humo?" Subiri ajibu. Mama angesema, "Baba yako."

Karibuni mchangie. Kama kuna mtaalamu anayejua njia ambayo sikuijaribu, aandike, nitasoma, ingawa ya simu nimeshayakubali. Na kama nawe kuna kitu cha marehemu wako kimekaa kwenye browser ya mtu, tuambie umekihifadhi vipi, kuna mwingine atasaidika.

La mwisho.

Mama bado anasafisha simu kila Ijumaa kabla jua halijazama. Juzi nilikuwa nimekaa naye akifanya hivyo. Aliweka tiki kwa history. Akaweka kwa cache. Kile kisanduku cha cookies na site data akakiruka.

Nikamwambia, "Mama, hicho sasa hakina kitu. Ile website ni tupu."

"Najua," akasema.

Akakiacha hivyo, akabonyeza, akaenda kufagia nyuma ya kabati.